Mfupa wa Kijita

Shuleni, mwalimu wetu alimvika mfupa wa ng'ombe shingoni kila mtoto aliyeteleza akasema Kijita, lugha yetu ya nyumbani. Naye mwenyewe alikuwa Mjita! Siku moja mimi nilishinda nao mpaka kengele ya jioni, unanuka, wenzangu wakinicheka.

Sasa natafiti jinsi Kijita kinavyopanga maneno kuzunguka jina la kitu, na mzee niliyeelekezwa kwake kule Pasiansi akawa ndiye mwalimu yule. Hakunikumbuka. Nilimpa shikamoo yake, nikawasha kinasa sauti, nikamwomba atafsiri kwa Kijita.

"Mfupa." Akatafsiri.

"Mfupa mchafu." Akatafsiri.

"Ule mfupa mchafu wa ng'ombe, shingoni mwa mtoto."

Akanitazama vizuri.

"Sema, mwalimu," nikamwambia. "Sema Kijita. Leo ruksa."