Ubeti wa Mwisho Niliouacha Mtupu

Redio ilikuwa juu ya kabati la jirani yangu, ghorofa ya tatu, Michenzani, na mimi nimekaa chini nadarizi viua vya kofia. Mtangazaji akasoma:

Ukuta umepasuka, mama hebu tuondoke,
Mama nguo kazishika, "kwanza wacha nianike."

Sindano ikaniingia kidoleni, sikuitoa. Maneno yale ni yangu, na mama yule ni wangu. Nikangoja ubeti wa mwisho, ambamo mtunzi hujitaja. Ulipofika, nikasikia lakabu, jina la utunzi, la maalim wangu wa ushairi: yeye, mwana wa Mtoni, anamlilia mama yake aliyefukiwa na ukuta.

"Maskini maalim!" jirani akasema. "Kumbe na yeye yalimfika?"

Nikashuka ngazi miguu mitupu, nikapanda, nikashuka tena.

Mama yangu na mimi tulikuwa na chumba cha juu Mji Mkongwe. Ukuta ulikuwa na ufa unaoingia kiganja. Mwaka ule masika ilipiga siku tatu, siku ya nne jua likatoka na ufa ukaanza kudondosha chokaa. Nilimwambia tuondoke. Akanijibu nguo zishaanza kunuka, kwanza aanike. Nikachukua ndoo nikateremka mferejini kuteka maji. Ndoo haijafika nusu, nikasikia kishindo.

Tangu siku ile sikai pahala nikatulia. Harusini natafuta kiti cha mlangoni. Nikilala kwa watu naugusa ukuta kwanza.

Ndiyo maana nilikwenda darasa la maalim, si kwa kupenda kusoma. Skuli niliiacha darasa la nne. Lakini Jumamosi baada ya adhuhuri alikuwa akifundisha wanawake ushairi, chumba cha chini, mlango wa barabarani, na mimi nikitaka pahala pa kwenda. Mizani nilizishika upesi kuliko wenzangu waliosoma. Anayeshona kofia kutwa anahesabu vitundu. Silabi nane kipande cha kwanza, ukwapi, nane cha pili, utao, kwangu ilikuwa ni safu ya viua tu. Kipande kikizidi silabi moja, nilikisikia kama kiua kilichokaa upande.

Tamathali ndizo zilizonishinda. Siku moja maalim akauliza, "Nani atanipa tashbihi?"

Muuza maandazi mmoja, mwenzetu, akainua mkono. "Mume wangu ni kama paka, haji ila akisikia harufu ya samaki."

"Ahsante. Sasa mtie katika istiara."

"Istiara ndiyo ipi tena, maalim?"

"Uondoe 'kama'. Useme mume wangu ni paka."

"Ah, basi hilo si la kufundishwa. Huyo ndiye mwenyewe!"

Tulicheka mpaka maalim akapiga meza. Nami nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu nimzike mama.

Jumamosi ile ile nikaanza shairi la mama. Likanichukua miezi. Nilipomwonyesha maalim, alisoma, kisha akasema, "Vina vimetimia. Lakini shairi bila tamathali wali mkavu, bibi. Ufananishe huu ukuta na kitu."

"Maalim, ukuta ulikuwa ukuta. Niufananishe na nini?"

Akaniambia jambo jengine: ubeti wa mwisho niuache mtupu. Mwanafunzi hajitaji katika shairi, alisema, mpaka mwalimu wake amruhusu na ampe lakabu. Akijitaja mapema ni utovu wa adabu. Nikaona sawa. Hata fundi wa kofia nilipokuwa najifunza, kofia yangu ya kwanza aliimaliza yeye. Basi nikaandika beti tisa, nikaacha nafasi ya mishororo minne, nikampa daftari kwa mikono miwili.

Daftari halikurudi. Kila Jumamosi, "nnalipitia, nnalipitia." Kisha ndiyo ikaja redio.

Alasiri ile ile nikenda Mtoni, nyumbani kwa maalim. Uani kwake alikuwapo bibi mmoja kwenye mkeka, anachagua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unamtaka mwanangu? Yumo ndani." Akaita, "We baba! Una mgeni!"

"Naam, mama!" akaitika maalim.

Mama yake huyo, mzima, ana mawe ya mchele kiganjani.

Maalim akatoka. Nikamwambia, "Nshalisikia shairi."

"Limependeza, au vipi?"

"Jina lako linafanya nini mle?"

Akamtazama mama yake, akashusha sauti. "Bibi we, lilikuwa halina mwenyewe. Ubeti wa mwisho uliuacha wazi."

"Si wewe uliyeniambia niuache!"

"Nlikwambia. Nami ningekupa lakabu ukihitimu. Umehitimu?"

Nikamwandikia mtengeneza kipindi wa redio. Akajibu kwa mistari miwili: shairi ni la aliyejitaja ndani yake. Wenzangu wa darasa, waliolisikia nikilisoma kwa mdomo wangu kabla halijafika redioni, waliinamisha vichwa. Muuza maandazi alinambia, "Yakhe, usitutie katika ugomvi na maalim." Hao wote nawataja. Mwizi ni mmoja, waliomshikia mlango ni wengi.

Miaka imepita. Shairi sasa limo katika kijitabu chake, na mwanangu wa kike amerudi nalo kutoka skuli: taja mtunzi, eleza hali iliyomfanya atunge. Mtoto kaandika jina la maalim, kapewa alama zote.

Maalim, u hai, na kijitabu changu hiki, nilimoandika haya, kitakufikia. Swali walilompa mwanangu sasa nakupa wewe, ujibu mbele ya darasa, na mama yako awepo akusikie: eleza hali iliyokufanya utunge. Ulikuwa wapi ukuta ulipoanguka? Nani alikuchimbulia maiti ya mama? Jibu.