Shahidi wa Pili

Mimi ndiye niliyekuwa masikio ya kikundi chetu. Sijisifu, waulize wenzangu. Kila Jumamosi asubuhi tulitoka mtaa wa Buruburu, Nairobi, watu wanane, wengi wetu wastaafu, tukaenda kutazama ndege kando ya mto kule Njiru. Nikiinua mkono, wote walinyamaza. Nikisikia mlio, nilitaja jina la ndege kabla mwingine hajafungua mkoba wa darubini. Kikundi nilikianzisha mimi, daftari la ndege lilikaa kwangu, na sheria zake nilizitunga mimi. Kuna moja iliyokuja kunigeuka: ndege ambaye hakuonekana, akasikika tu, haandikwi mpaka awe amesikiwa na watu wawili. Niliiweka kwa sababu watu husikia wanachotaka kusikia, hasa wakiwa wameamka mapema na hawajanywa chai.

Jirani yangu nilimleta mimi pia. Tumepakana ua karibu miaka thelathini na hatujawahi kuitana jina jingine ila jirani. Alijiunga kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, aliambiwa atembee. Siku ya kwanza kila ndege kwake alikuwa shomoro, hata kwarara, lile dege la mdomo mrefu linaloamsha mtaa mzima kwa makelele. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamfundisha polepole, huyu mnana, yule chiriku, na akisahau nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ana tabia moja tu iliyonishinda. Nikibandika birika, kabla sijainuka kwenda kuliepua, tayari yuko mlango wa jikoni. Nilimtania kwamba pua yake ina undugu na majani yangu ya chai. Alicheka, akavuta kiti, akanywa.

Sasa masikio. Nilifanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha mablanketi, pembeni mwa mashine za kufuma, pamba zimejaa masikioni. Nilipokwenda kupimwa, daktari aliniambia sauti nzito nitaendelea kuzisikia na nitazungumza na watu bila shida, ila zile nyembamba za juu zimekwenda na hazirudi. Akanishauri nivae kifaa cha sikio. Nikamwambia nitafikiria, na sikumwambia mtu yeyote. Sikio la kufa halisikii dawa, hasa likiwa na kiburi.

Nikajifunza kujificha. Kunguru na kwarara nawasikia. Kwa wale wadogo nilianza kumwangalia jirani, maana yule mwanamke wa shomoro alikuwa ameota masikio. Akigeuza shingo, nami nageuza. Akitazama mti, nautazama mti uleule, namwona ndege, namtaja kabla yake. Wenzetu wakasema, ah, mama huyu hapitwi. Nilimwibia hivyo karibu mwaka mzima, na kila nilipomwibia nilizidi kumchukia kidogo, kana kwamba mwizi ni yeye.

Safari ya vilima vya Taita niliitaka tangu kikundi kianze. Juu kule kuna msitu unaoishi ndani ya mawingu, na ndani yake kuna ndege mmoja wa kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, anayerukaruka chini akipekua majani. Hapatikani mahali pengine popote duniani. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari nilikuwa nimemwachia mstari wake, mtupu, miaka yote. Nilitaka kuujaza kwa mkono wangu, kwa jicho langu au sikio langu.

Tulifika jioni, tukalala kwenye nyumba ya wageni chini ya mlima, na asubuhi tukapanda. Ukungu ulikuwa mzito hadi mtu wa mbele hatua kumi alikuwa kivuli tu. Miti ilikuwa imeota manyoya ya kijani toka shinani hadi matawini, na maji yalidondoka kila upande ingawa mvua hainyeshi. Aliyetuongoza ni mama wa makamo, mzaliwa wa palepale, amevaa gambuti na kitenge.

"Leo darubini ni mapambo," alituambia. "Tumieni masikio."

Nikasogea karibu na jirani.

Penye mteremko wa utelezi watatu wetu walikwama, mwongozaji akarudi kuwashika mkono, na wengine wakawangojea hukohuko. Mimi na jirani tukabaki mbele peke yetu, kwenye kibonde chenye majani makavu mengi. Ghafla akanishika mkono wa sweta.

"Jirani. Umesikia?"

Nilisikia maji. Tone juu ya jani, tone juu ya kofia yangu.

"Hiyo tena! Wee, imelia tena. Kasauti kembamba, juu kabisa. Si ni ile yako?"

Ile yako. Alikuwa amefumba macho, maji yakimtiririka shavuni, na uso wake ulikuwa umefunguka jinsi sijawahi kuuona. Nilitega sikio moja, nikatega la pili, nikabana pumzi hadi kifua kikauma. Hakuna kitu. Ndege wangu alikuwa hatua chache kutoka kwenye viatu vyangu, akimwimbia mtu niliyemfundisha tofauti ya shomoro na mnana. Watu husema naona wivu, na siku ile nilielewa kwa nini. Ndani ya ukungu ule sikuona ndege wala jani aliloliinua, lakini wivu niliuona vizuri kabisa, pua na masikio yake.

Wenzetu wakafika wakihema.

"Imelia!" jirani akawaambia. "Mara tatu, hapo chini!"

Hakuna aliyemtazama. Wote walinigeukia mimi. Kalamu nilikuwa nayo, daftari liko kwapani, na ilibaki neno langu tu.

Ningesema nimesikia, ningekuwa mwongo, na ndege angeandikwa. Ningesema ukweli wote, kwamba siwezi kusikia, ndege hangeandikwa, lakini jirani angebaki na heshima yake. Nikachagua kipande cha ukweli kilichonifaa.

"Mimi nilikuwa hapahapa," nikasema. "Sikusikia kitu."

Kila neno lilikuwa kweli, na sijawahi kusema jambo baya zaidi. Mzee mmoja wetu, mstaafu wa posta, akasema labda ni tumbo la jirani lililolia, na wote wakacheka. Mwongozaji alijaribu kusema huyo ndege hulia hapo mara nyingi, lakini sheria ni sheria, na mwenye sheria nilikuwa mimi. Jirani alinitazama. Kisha akatabasamu kidogo.

"Pengine ni masikio yangu," akasema.

Ukungu haukuinuka. Tulizunguka hadi saa saba, hatukumwona wala kumsikia tena, na kesho yake tukarudi Nairobi na mstari wangu mtupu. Njiani jirani aligawa mayai ya kuchemsha, na langu akalimenya kabla ya kunipa. Nikalila nikitazama dirishani.

Jumatano iliyofuata nilikuwa sebuleni mchana nikinakili orodha ya safari. Nilikuwa nimebandika chai. Nikahisi mtu jikoni, nikainuka, nikamkuta jirani anazima jiko. Jikoni kulikuwa kumejaa mvuke. Birika lile aliniletea binti yangu, lile lenye filimbi kwenye mdomo, na filimbi yenyewe nilidhani iliharibika zamani.

Nikasimama pale mlangoni.

"Ilikuwa inalia?"

"Inalia kitambo."

"Na unaisikia kutoka kwako?"

"Jirani, hiyo inasikika mpaka kwa barabara." Akachukua kikombe chake kabatini. "Iko juu sana. Kama ile ndege."

Nikavuta kiti nikakaa. Zile mara zote nilizomcheka kwa kupenda chai, alikuwa anakuja kunizimia jiko nisichome nyumba.

"Tangu lini?"

"Krismasi ya mwaka juzi."

"Kwa hivyo kule msituni ulijua kwamba siwezi kusikia."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Ulitaka niseme nini, mbele ya watu wote?"

Akamimina chai, yake bila sukari, yangu vijiko viwili, akanisogezea. Ningependa kuandika kwamba nilimshukuru. Kwanza nilimwonea wivu tena. Masikio anayo, ndege anaye, na sasa hata wema ni wake. Kisha nikalia, na hapo tu nikaweza kumwomba msamaha.

Jumamosi, kule Njiru, kabla hatujaanza kutembea, niliinua mkono. Walinyamaza, wakidhani nimesikia ndege. Nikawaambia masikio yangu yamekufa kwa sauti za juu, na karibu mwaka mzima wa ndege wadogo nimekuwa nikimwibia jirani. Nikawaambia yule wa Taita alilia. Yule mstaafu wa posta akavua kofia, akaanza kuikagua. Nikafungua ukurasa wa mwisho, nikampa jirani daftari na kalamu.

Alilipokea kwa mikono miwili. Aliutazama ule mstari wangu niliomtunzia ndege miaka yote, na nitasema kweli, nilitamani kumnyang'anya. Aliweka kalamu kwenye karatasi, halafu akasita.

"Lakini jirani, sheria ni watu wawili. Wewe ulisikia?"

"Sikusikia," nikamwambia. "Andika."