Uchaguzi wa Malabar Katika Mtaa Wetu wa Ibra

Sisi tuliokulia Ibra, huku Oman, watoto wa watu waliorudi kutoka Unguja, tulijua mambo ambayo watoto wa leo hawayajui. Tulijua kuogelea kwenye falaji, ule mfereji wa maji unaopita mashambani, kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Tulijua kucheza nage na mdako kwenye vivuli vya kuta za udongo mpaka mama zetu wachoke kutuita. Na tulijua, tena kwa moyo, nani alimshinda nani katika jimbo moja dogo la uchaguzi huko Malabar, Bara Hindi, mahali ambapo hapana hata mmoja wetu aliyewahi kupakanyaga. Vijana wetu siku hizi ukiwauliza jina la jirani wa nyumba ya tatu wanakutumbulia macho. Sisi tulijua mpaka wajumbe wa watu wengine.

Elimu hiyo tuliipata kwa Koya na Hamza. Koya alikuwa na mkahawa wa chai pale panapoanzia soko, mlango mmoja, benchi mbili, na sufuria la chai ya maziwa ya kopo ambalo sidhani kama liliwahi kuepuliwa jikoni. Hamza alikuwa fundi cherehani, mlango wa pili, ndiye aliyetushonea nguo za Idi mtaa mzima. Hata leo nikisikia harufu ya kitambaa kipya kilichopigwa pasi, naona kama kesho Idi. Walikuwa watu wa kijiji kimoja huko Malabar, tena mashemeji: Koya alimuoa Kadija, dadaake Hamza, na Kadija mwenyewe alibaki kwao na watoto. Kwa kuwa nusu ya mtaa wetu ilikuwa ikisema Kiswahili, wote wawili walijifunza Kiswahili kabla ya Kiarabu. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimevunjika viungo vyote, lakini kilitembea.

Basi kwao, kila baada ya miaka kadhaa, watu wa jimbo lao walimchagua mjumbe wa kwenda kwenye baraza la mkoa. Vyama vikubwa vilikuwa viwili, na kila kimoja kilikuwa na alama yake ya kutiwa kwenye karatasi ya kura ili na asiyejua kusoma apate kuchagua. Hamza alikuwa wa Nanasi. Koya alikuwa wa Mtungi. Zamani za baba zao kiti kilikuwa cha tajiri mmoja mwenye mashamba ya mpira, mtu wa Nanasi. Akaja mwalimu wa hesabu, wa Mtungi, akamwangusha. Uchaguzi uliofuata mtoto wa tajiri akamwangusha mwalimu. Mwalimu akarudi. Mtoto wa tajiri naye akarudi. Walikipokezana kile kiti kama watoto wanavyopokezana bembea, na kila mmoja aliahidi kitu kimoja tu: daraja la kuvukia mto wa kijiji chao. Daraja halikujengwa.

Yakikaribia matokeo, Koya aliiweka redio juu ya friji na kuisogeza sogeza kutafuta sauti, na sisi tukikaa chini na vipande vya paratha ya moto iliyopakwa maziwa matamu. Maneno hatuyaelewi, lakini tulitazama nyuso. Nanasi likishinda, Hamza alitugaia pipi. Mtungi ukishinda, chai ya siku ile bure. Sisi wenyewe tulikuwa watu wa kushinda tu. Hatukuwa na chama. Mie na binamu zangu tulikuwa tukichora kwa makaa, ukuta huu mtungi, ukuta ule nanasi, na nanasi langu likisifiwa, ijapokuwa Bibi alisema lafanana na nungunungu.

Bibi yangu, Bi Zuwena, ndiye pekee ambaye hakuipenda michezo ile. Mwanamke mcheshi, hodari wa kupatana bei kwenye soko la wanawake la Jumatano, lakini akisikia neno "uchaguzi" alikuwa anakunja uso. Siku moja alitukuta tumejigawa makundi mawili, hawa Mtungi, hawa Nanasi, tunarushiana makokwa ya tende. Alitoka na ndoo ya maji akatumwagia sote.

"Ingieni ndani! Siasa si mchezo wa watoto. Wala si mchezo wa wakubwa!"

Tuliona anakuza mambo. Kumbe yalikuwa njiani.

Mwaka ule, kabla ya uchaguzi wao mwingine, yule mwalimu wa hesabu, kipenzi cha Koya, mtu ambaye picha yake ilibandikwa juu ya sufuria la chai, alihama Mtungi akaingia Nanasi. Hivyo hivyo, mchana kweupe. Koya akaibandua picha ile. Hamza, badala ya kumwacha shemejiye na msiba wake, alikwenda sokoni akanunua nanasi zima, tena na majani yake, akalitundika kwenye mlango wa mkahawa.

Mtaa mzima ulicheka. Koya hakucheka. Alilitungua nanasi, akakichukua kikombe cha Hamza, kile chenye maua alichokuwa akinywea miaka yote, akakitupa nje kikapasuka.

"Chai yako basi," akamwambia.

Tulidhani litapita kwa siku mbili. Halikupita. Koya akawa anapeleka nguo zake kushonwa Nizwa, safari nzima, na hali fundi yuko ukuta kwa ukuta. Hamza akanunua chupa ya chai akawa anajipikia mwenyewe, chai ya ajabu, rangi yake kama maji yaliyooshewa masufuria, na akiinywa makusudi mlangoni ili Koya aone. Ramadhani ikaingia. Miaka yote walikuwa wakifuturu pamoja kwenye mkeka mmoja mbele ya mkahawa, na mtu yeyote mpita njia hukaribishwa. Mwaka ule kila mmoja alifuturu ndani kwake, mlango umerudishwa. Hilo ndilo lililomuuma Bibi.

Baada ya Idi tukasikia kwamba wote wawili wamekata tiketi. Wanakwenda kwao kupiga kura. Bibi alinituma nikawaite, kila mmoja kwa wakati wake, nisimwambie huyu kuwa na yule anakuja. Wakakutana barazani kwetu, mbele ya kahawa na halua, wakakaa kila mmoja anatazama upande wake.

"Ni kweli mnasafiri?" Bibi akauliza.

"Kweli, Bibi. Mimi enda pigia Mtungi," alisema Koya.

"Mimi enda pigia Nanasi," alisema Hamza.

Bibi akawatazama, akaanza kucheka peke yake. "Jamani, wanangu. Huyu kura moja huku, huyu kura moja kule. Si kura zenu zafutana? Kaeni hapa Ibra mnywe chai. Hesabu itakuwa ile ile!"

"Yeye kaa, mimi takaa," alisema Hamza. "Lakini huyu mwongo, Bibi. Taondoka kwa siri."

"Nani mwongo? Mwambie, Bibi, yeye mwongo! Huyu hapana shemeji tena. Huyu nanasi tu."

Sisi watoto tulijiziba midomo kwa mikono. Lakini Bibi aliacha kucheka. Akaiweka chini birika ya kahawa, akawaambia jambo ambalo mie mjukuu wake nilikuwa silijui.

"Mie n'na mdogo wangu Unguja, Nunu. Tumbo moja, chumba kimoja, kanga tukigawana. Ikaja siasa. Mume wangu huku, mume wake kule, na sisi wanawake tukafuata. Tukawa hatununui duka moja, hatwendi arusi moja. Mama yetu akafa. Nunu akaja mazikoni, akakaa chumba cha uani na watu wake, mie nikakaa ukumbini na watu wangu. Mama mmoja, matanga mawili. Halafu nikaja huku, hatukuagana. Hao tuliowapigia kura hata nyuso zao sizikumbuki tena. Nunu namkumbuka kila siku."

Koya alikuwa akizungushazungusha kikombe chake cha kahawa. Mwisho Hamza akasema polepole, "Pole, Bibi." Wakaondoka, mmoja kulia, mmoja kushoto. Na safari wakaenda.

Yaliyotokea huko tulisimuliwa waliporudi, na nimeyasikia mara nyingi kutoka midomo miwili tofauti, nayo hayakupishana sana. Tiketi walikatiwa na wakala mmoja, kwa hivyo wakajikuta wamekalishwa kiti kwa kiti mpaka huko, hawakusemezana ila kuombana njia ya kwenda msalani. Walipofika kijijini, Kadija aliwapakulia wali sinia moja. "Hapana sahani nyingine," akasema, na kabatini zimejaa. Walikula, kila mmoja kwenye ukingo wake, wakaacha katikati mlima wa wali usioguswa. Siku ya kura wakajipanga foleni, huyu akampa Mtungi, huyu akampa Nanasi, wakarudi nyumbani kungoja.

Ikashinda Pangaboi.

Alama ya pangaboi, feni ile ya darini, alipewa mgombea asiyekuwa na chama, mkunga mmoja mjane aliyekuwa akivuka ule mto kwa mtumbwi, masika na kiangazi, kwenda kuzalisha wanawake wa ng'ambo. Wanaume hawakumtia katika hesabu. Mashemeji wale walisimama katikati ya ukumbi wakilaumiana kwa sauti.

"Watu wako hao!"

"Wangu? Wako!"

Kadija akatokeza kutoka jikoni, anafuta mikono. "Wangu mimi," akasema. "Mimi nimempa Pangaboi. Mama kampa. Majirani zangu wote wanawake wamempa. Nyinyi mnakaa Oman, mnapasuliana vikombe kwa ajili ya mto ambao mimi ndiye ninayeuvuka na mtoto mgongoni. Mtungi wenu na nanasi lenu vimenipa nini? Vimenipa mume na kaka wasiosalimiana."

Koya alisema alimtazama Hamza, Hamza akamtazama yeye, na hapo hapo akaona jinsi walivyofanana: watu wazima wawili, wamepanda ndege kuja kushindwa pamoja. Kicheko kilimtoka bila ya kutaka. Hamza akafuata. Kadija akawapakulia tena sinia moja, akawaambia safari hii waumalize wali.

Walirudi Ibra pamoja na boksi zima la ndizi za kukaanga, wakamgaia kila mtoto. Jioni ile wakaweka mkeka mbele ya mkahawa wakasimulia, mmoja akianza, mwenziwe akimalizia, na Bibi akicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Halafu akanyamaza. Alipokwisha kusali magharibi akamwita baba yangu.

"Hivi Unguja simu inafika?"

Ilichukua muda kumpata Bi Nunu. Baba aliuliza kwa huyu na yule mpaka ikapatikana namba ya duka la jirani yake. Siku ilipounganishwa tulikuwa sote tumemzunguka Bibi, na yeye kaushika mkono wa simu kama mtu aliyeshika yai.

"Nunu? Zuwena hapa."

Tukasikia sauti ya mbali: "Zuwena gani?"

"Kwani mama alizaa Zuwena wangapi?"

Kisha kutoka upande wa pili kikaja kilio, na Bibi naye akalia, na nyumba nzima tukalia hata sisi tusiojua kwa nini. Msimu wa baridi uliofuata Bi Nunu alikuja Ibra. Wiki ya kwanza walilala kitanda kimoja. Wiki ya pili wakagombana jikoni kuhusu tui la wali, la kwanza au la pili, na ugomvi ule ulikuwa mtamu kuusikia. Alikuja tena na tena, mpaka Mungu alipomchukua Bibi, na Bi Nunu ndiye aliyemuosha.

Koya amekwisha kurudi kwao na uzee wake, Hamza alimtangulia kurudi. Nasikia daraja limejengwa, na kila chama kinasema kimelijenga chenyewe. Pale penye cherehani sasa pauzwa vifuniko vya simu, na muuzaji ni kijana wa Malabar, hodari, mpole, Kiingereza safi. Juzi kwao kulikuwa na uchaguzi tena. Nilipoingia nilimkuta kainama juu ya simu yake, vidole mbio, uso umemwiva kwa hasira.

"Unagombana na nani?" nikamuuliza kwa Kiarabu.

"Mtu tu, mama. Yuko mtandaoni. Simjui."

Kijana wangu mwenyewe, nyumbani, ni hivyo hivyo: ana maadui nchi saba, na mpangaji wa jirani hajamwambia hata sabalkheri. Mie huwacheka, na wao hunicheka mie. Lakini wenzangu wa rika langu watanielewa. Sisi tuligombana na watu tuliowajua kwa majina, tukawapita mlangoni, tukasikia harufu ya chungu chao, tukaona haya. Na haya ile, taratibu, ilitusukuma mpaka tukabisha hodi. Yule kijana, siku akitaka kupatana, ataubisha mlango gani?