Toleo la Sikukuu

Telesphory Rwegasira analipwa kwa kupanga tarehe, na tangu aanze kuzipanga hajawahi kuchelewa hata mara moja.

Huko ng'ambo kuna orodha kubwa ya majina ya magonjwa, vipimo na dawa. Kila mwezi hubadilishwa: jina hili limeondolewa, lile limeongezwa, jingine limehamishiwa kundi lingine. Mradi mmoja wa afya huitoa orodha hiyo kwa Kiswahili, ili wauguzi wa zahanati waitumie kwenye kompyuta zao. Kuitoa kila mwezi haiwezekani, watafsiri wangepata wazimu. Kwa hiyo kuna mtu mmoja, katika chumba kimoja kule Gungu, Kigoma, anayeamua watafsiri waishike orodha ya mwezi gani, wafunge lini ili neno jipya lisiingie tena, msomaji wa pili amalize lini, na toleo la Kiswahili litoke siku gani. Mtu huyo ndiye Telesphory.

Kwao ni Muleba. Serikali ilimleta Kigoma akiwa kijana, mtunza kumbukumbu wa hospitali, akasema atakaa kidogo tu aondoke. Wote husema hivyo. Alioa hapa, akazaa hapa, akamzika mkewe hapa. Watoto wakaenda Dar es Salaam, yeye akastaafu na mradi ukamchukua. Gungu wanamjua kwa kumwamkia. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Halafu kila mtu anashika njia yake. Watoto wake nao si wabaya, wanatuma meseji, na meseji ukishaisoma imekwisha.

Lakini siku ya toleo ni siku nyingine kabisa. Siku hiyo kompyuta za zahanati zinapokea orodha mpya, na jina ambalo muuguzi aliliandika jana leo halionekani pale alipolizoea. Kwa hiyo lazima mtu akae na simu mpaka jioni. Telesphory hakumwachia mtu zamu hiyo. Alikuwa anavaa shati la kanisani, anachaji simu tangu alfajiri, anapika chai ya chupa nzima. Na simu zinaingia kweli, kutoka Kidahwe, kutoka Kasulu, kutoka mwambao wote wa ziwa upande wa kusini ambako mtandao unapatikana mtu akipanda kilimani.

"Mzee, shikamoo, mwakeye?" Huyo alikuwa Wema, muuguzi wa zahanati moja ya mwambao, Muha asiyeacha salamu ya Kiha, mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto. "Mbona kifafa cha mimba sikioni? Mmekipeleka wapi?"

"Marahaba, mama. Hatujakitupa. Shuka chini, kundi la uzazi."

"Ehee! Nimekiona. Na wewe mzee hujambo huko? Umekula?"

Umekula. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa anamuuliza hivyo. Ndiyo maana, ukiitazama ratiba ya Telesphory kwa miaka kadhaa, utaona jambo. Toleo lilitoka Krismasi. Toleo lilitoka Jumatatu ya Pasaka. Toleo lilitoka Idi, au siku ile watu walipotegemea mwezi utaandama. Wakubwa wa mradi walipouliza, aliwaandikia kwamba sikukuu wagonjwa hupungua na kompyuta zinakuwa na nafasi. Wakubwa wakamsifu. Wakubwa ni watu wa kufurahishwa na sababu iliyoandikwa vizuri.

Aliyemkamata ni Hadija, msomaji wa pili, mama wa Ujiji. Kwa taratibu zao, hakuna jina linalotoka mpaka watu wawili wawe wamelikubali, na siku ya toleo msomaji wa pili lazima awe tayari iwapo jina litaleta ubishi. Idi Ndogo moja ubishi ukatokea. Hadija aliacha wali jikoni, akaacha wageni sebuleni, akabishana kwenye simu mpaka wali ukaungua na wageni wakaaga. Sikukuu ilipokwisha akapanda bodaboda hadi Gungu, hata hakukaa.

"Shikamoo Mzee Tele. Nani kakwambia sikukuu wagonjwa wanapungua?"

"Marahaba. Ndivyo ilivyo, Hadija."

"Sivyo! Sikukuu ndiyo watu wanavunjika miguu kwa bodaboda. Sikukuu ndiyo matumbo yanaharibika. Wale wauguzi wana watoto, mzee. Wema kanambia ana miaka hajala Krismasi na mama yake, kwa sababu kila Krismasi kuna toleo lako. Kwa nini unatufanyia hivi?"

Telesphory alizipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Sikukuu ni ndefu, Hadija," alisema.

Hadija alikuwa amekuja na maneno mengine mengi. Aliyameza. Akavuta kiti, akakaa, akasema, "Basi Idi Kubwa uje kwetu. Sitaki kusikia sababu."

Alikwenda. Ujiji walimpokea kwa heshima zote. Walimkalisha kwenye kiti kikubwa, wakamfungulia televisheni, wakampa rimoti, wakamletea pilau kwenye sinia lake peke yake. Kisha wote wakatoka uani, wakacheka huko mpaka alasiri. Kila baada ya muda mtoto alitumwa kuja kumwuliza kama anahitaji kitu, naye alisema hapana, asante. Alirudi Gungu ameshiba na mnyonge kuliko alivyoondoka.

Hata hivyo ratiba aliibadilisha. Maneno ya Hadija juu ya Wema na mama yake yalimwingia, yakakataa kutoka. Aliketi na kalenda, akaliondoa toleo la Krismasi akalirudisha nyuma, likatoka Novemba, siku ya kazi tu. Simu zililia, lakini watu walikuwa na foleni ya wagonjwa, waliuliza walichotaka wakakata. Toleo lililofuata alilipeleka mbele sana, Pasaka ikishapita, asimharibie mtu sikukuu.

Krismasi ilipofika alirudi kutoka misa, akala, akaosha sahani. Simu ilikuwa mezani, imejaa chaji. Saa za mchana zilipita na haikulia. Mwishowe aliichukua yeye mwenyewe, akampigia Wema.

"Shikamoo mzee!" Nyuma yake kulikuwa na ngoma, watoto, na sauti ya mama mzee akiita kwa Kiha. "Kuna nini? Toleo limetoka?"

"Hapana, hapana. Halijatoka."

"Kuna jina limekosewa?"

"Hapana. Nilitaka... Krismasi njema, mama."

"Oo! Asante, mzee. Na kwako pia."

Akangoja. Wema naye akangoja, kwa adabu, huku nyumba nzima ikimwita. Telesphory aliyatafuta maneno. Angetajiwa ugonjwa wowote angejua uko kundi gani, lakini hapa hakuona pa kuanzia, na aliona aibu kwamba haoni.

"Haya mzee," Wema akasema kwa upole. "Nina wageni hapa. Tutaongea toleo likitoka."

"Sawa, mama. Kula vizuri."

Alikata simu. Akainua macho kwenye kalenda ya ukutani, Desemba, na chini yake Januari, na Februari, na Machi, zote nyeupe, hazina toleo, kwa mkono wake mwenyewe.