Namba Saba na Namba Nane

Siku yangu ya kwanza maabara, Mkuu wa Maabara alinipa koti jeupe lenye kifungo kimoja na agizo moja. "Hapa tunaita watu kwa ukoo. Majina ya ubatizo ni ya kanisani." Alikuwa amepita jeshini, na kutembea kwake kulikuwa bado kwa gwaride. Nikaitika, "Ndiyo mzee." Nilimtilia shaka tangu dakika ile, ila si kwa agizo hilo. Nilimshuku kwa sababu kabati la dawa lilikuwa na kufuli mbili na funguo zote zilikaa mfukoni mwake.

Niseme mapema, nisije nikaonekana namsengenya marehemu: mimi ni mtu wa shaka. Mke wangu husema hata mvua ikinyesha nauliza imetumwa na nani. Hospitali niliyofanyia kazi pale Kyela silitaji jina, wenyewe wanajijua.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Zamani dawa za kupimia zilitoka bohari ya serikali zikiwa na lakiri. Sasa maduka yalichipuka mtaa wa Mbugani kama uyoga, na chupa nyingine zilivushwa kutoka Malawi lebo ikiwa imebanduka nusu. Muuzaji wetu alikuwa mtu wa asili ya pwani, mcheshi mno. "Wallahi mzee wangu, mzigo mpya huu!" Nilinusa kizibo mbele yake, naye akacheka. Kile kicheko nacho nikakiweka akilini.

Kipimo cha figo kilikuwa hivi. Misuli ya mtu hutoa taka iitwayo kreatinini, na kazi ya figo ni kuichuja itoke na mkojo. Figo zikilegea, taka inabaki kwenye damu. Tulizungusha damu kwenye mashine mpaka maji yake ya juu, yaani seramu, yakajitenga. Tukachanganya na dawa ya njano, na kadiri kreatinini ilivyokuwa nyingi ndivyo njano ilivyoelekea rangi ya chungwa. Mashine ikasoma rangi, ikatoa namba. Lakini namba peke yake haihukumu mtu, vijana. Mkulima mwenye misuli atakuwa na namba ya juu na figo zake nzima. Bibi aliyekonda anaweza kuwa na namba nzuri na figo zimechoka. Na mtu aliyeishiwa maji mwilini namba yake hupanda haraka, na akiongezwa maji mapema hushuka. Akicheleweshwa, basi tena.

Asubuhi moja zilikuja fomu mbili za ukoo wa Mwakalobo, kutoka Ikolo. Karani wa dirishani, kwa agizo lilelile, alinakili kutoka kwenye kadi zao ukoo na namba ya kadi tu. Nikashika fomu ya juu, nikaita koridoni, "Mwakalobo!" Akainuka mzee mmoja mwenye maumivu ya kiuno. Nikamtoa damu, chupa na fomu nikaziandika namba saba. Nikaita tena, "Mwakalobo!" Nilimwona mwanamke akijifunika kanga usoni na kutoka nje upesi. Mzee alipokwisha kuondoka, yule mwanamke akarudi. Midomo ilikuwa imemkauka. Alikuwa ameharisha siku nne.

"Jina?"

Akatazama sakafu.

"Wewe ndiye Mwakalobo?"

Akavuta kanga mdomoni. Nikasema moyoni, huyu ananificha kitu. Foleni ilikuwa ndefu. Nikashika fomu iliyobaki, nikamtoa damu, chupa na fomu nikaziandika namba nane.

Namba saba ilikuwa nzuri kabisa. Namba nane ilitisha. Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa hospitali, akafuata namba za kadi kwenye fomu, akamwambia mzee figo zake zimekwisha, ajiandae kwenda Mbeya. Mwanamke akaambiwa yuko salama, arudi nyumbani.

Jibu lile halikuniingia akilini. Kwa foleni ile sikukumbuka tena nani alikuwa chupa ipi, fomu ndizo zilizosema; lakini mzee mwenye namba nane angekuwa hoi, na huyu nilimwona mlangoni akitafuna muwa! Nikaishuku dawa ya njano, nikarudia kipimo: namba zilezile. Nikaishuku mashine, nikapima seramu yangu mwenyewe: sawa. Nikamshuku muuzaji na kicheko chake. Mwisho nikamfuata Mkuu, nikamwambia waziwazi kuna mtu anachezea kabati.

"Mashine haina tatizo," alisema. "Mwenye tatizo ni wewe. Unashuku kila kitu chenye kivuli."

Siku ikaisha hivyo, nikiwawinda wezi wasiokuwepo.

Kesho yake mzee akarudi mwenyewe. "Ugonile, daktari," akanisalimu. "Nimeshawagawia wanangu ng'ombe. Lakini mbona nakojoa vizuri tu?"

"Jana ulikuja na nani, baba?"

"Peke yangu. Mke wa mwanangu naye alikuja, ila kwa njia yake. Hawezi kufuatana na mimi."

"Yeye ni Mwakalobo pia?"

"Sasa awe nani? Ila hawezi kulitamka, ni jina langu."

Aisee, nikalinganisha fomu na kadi yake: ile ya juu ilikuwa ya mkwewe, kwa hiyo mzee alitolewa damu kwa fomu isiyo yake na majibu yakapishana. Kwetu Wanyakyusa mke hamkaribii baba mkwe, wala hatamki jina lake, hata afe. Na mimi si mgeni. Mke wangu mwenyewe hakulitaja jina la baba yangu mpaka tulipomzika! Nilishuku watu wote na chupa zote, ila mdomo wangu ulioita koridoni sikuushuku.

"Yuko wapi sasa?"

"Amelala. Wanawake wanasema tangu jana hajakojoa."

Mkuu alisikiliza mara moja tu, akanirushia funguo za gari la hospitali, nazo zilikaa mfukoni mulemule. "Nenda. Makosa tutagawana baadaye."

Tulimkuta amelegea, macho ndani. Tukamrudisha hospitali, akawekewa maji ya mshipa. Siku mbili nilimpima asubuhi na jioni, namba haikutikisika. Siku ya tatu muuguzi akaja na kopo la mkojo amelishika kwa mikono miwili, na mimi nikalia kama mtoto. Namba ikaanza kushuka.

Alipoweza kukaa nilimuuliza, "Mama, wewe ni binti wa nani?"

"Wa Mwasomola," akajibu papo hapo. "Mimi ni Tusekile binti Mwasomola. Ndaga fijo, asante sana." Kumbe jina alikuwa nalo siku zote, ni mimi sikujua kuuliza.

Mkuu akachora mwenyewe safu mpya kwenye daftari: *Binti wa, mwana wa*. Tangu hapo funguo zake sikuzichunguza tena.

Nimestaafu, na sasa mimi ndiye wa kupimwa figo. Juzi binti wa maabara alitoka na chupa mkononi akaita ukoo wangu tu. Tukasimama wanaume wawili. Mimi nikarudi kukaa.

"Mzee, si ndiye wewe?"

"Sogea, mwanangu," nikamwambia. "Niulize kwanza mimi ni mwana wa nani."