Nyumba Isiyouliza Njia

Nilikwenda Johannesburg mwaka 2017 kwa sababu ya shimo. Shimo lenyewe lilikuwa katika kitabu nilichokuwa nawaandikia vijana wetu, kitabu cha watumwa wa Amerika waliotoroka mashamba ya kusini wakakimbilia kaskazini. Sura ya tatu ni ya mtu mmoja aliyetoroka, akapata uhuru, kisha akaandika maisha yake mwenyewe: alivyozaliwa, alivyopigwa, alivyojifunza kusoma kwa kuibia. Kila kitu anakisema, ila akifika siku ya kutoroka ananyamaza. Hasemi alipita wapi wala nani alimsaidia. Ghafla yuko kaskazini, mtu huru. Mhariri wangu aliirudisha sura hiyo akasema watoto hawapendi hadithi yenye shimo katikati. Tena njia ile inajulikana leo, maana mwenyewe aliisimulia baadaye sana, utumwa ulipokwisha. Basi nilizibe shimo, yaishe. Nikakata sentensi mbili nilizokuwa nimeandika kuhusu ukimya wake, lakini nikataka kwanza nikawasomee watoto, nione watajikwaa wapi.

Mwaliko ulitoka kwa Mama Sifa, fundi cherehani Mkongomani anayefundisha watoto wa kanisa lao mtaa wa Berea. "Mwalimu, kuya ubasomee," aliniambia kwa simu. "Batoto banasahau Kiswahili." Zamani alikuwa jirani yangu Kigoma, akishona kwenye kibaraza cha duka. Asubuhi moja nikaamka, cherehani haipo, naye hayupo. Hakuaga mtu. Miaka ikapita ndipo akanipigia kutoka Johannesburg. Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya pili ya safari, na siifichi: umbea. Nilitaka kujua mwanamke yule, peke yake, alifikaje kule.

Kigoma, alfajiri. Nilipanda basi na mkoba wa karatasi zangu na furushi la dagaa lililomkasirisha abiria wa pembeni yangu hadi Sumbawanga. Tunduma nilivuka mpaka kwa miguu, pasi ikapigwa muhuri, nikapata basi la Zambia. Kuanzia hapo nilikariri kila kitu kwa ajili ya kusimulia: mahindi ya kuchoma ya njiani, baridi ya Lusaka, mhubiri aliyepanda Harare akatuhubiria hadi sauti ikamkauka. Mimi, bibi mzee huyu, mdomo wangu hauna pazia. Safari nisiyoisimulia naona kama sikusafiri.

Beitbridge, mpaka wa kuingia Afrika Kusini. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali. Kwenye basi letu alikuwamo baba mmoja wa makamo mwenye kofia ya sufu, aliyenigawia karanga njia nzima bila kusema jina lake. Maofisa walimtoa kwenye foleni wakaingia naye ndani. Tulimngoja, kisha dereva akawasha gari. Mfuko wake wa karanga ulibaki kwenye kiti, na hakuna aliyeugusa mpaka mwisho wa safari.

Johannesburg, asubuhi. Mama Sifa alinipokea kituoni pamoja na binti yake Sifa, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyezaliwa huko huko. Nilimwamkia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza. Anakielewa Kiswahili chote, ila kukisema anaona haya. Walikaa ghorofa ya nne ya jengo kuukuu, chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia, cherehani dirishani. Niliwekewa ugali, sombe ya majani ya muhogo, na dagaa zangu mwenyewe.

"Kula kwanza, Mwalimu. Umefika?"

"Nimefika."

"Mungu asifiwe."

Basi, ndiyo hayo tu! Nilikula, nikanawa, nikakaa mkao wa kusimulia. Wanawake wawili wa kanisani wakaja kunisalimia: "Umefika?" Nimefika. "Asante Mungu." Wakaanza kuzungumzia bei ya nyama. Kwetu mgeni akiingia ataulizwa safari tangu unyayo hadi utosi. Nilikuwa na gunia zima la habari na hakuna aliyetaka hata kisoda. Nikaona watu hawa mji umewaharibu, wamekosa hata adabu ya kumwuliza mgeni njia. Nilichukia, sisemi uongo.

Nikaona pia godoro lililosimamishwa ukutani, jipya, bado lina nailoni. Nikasema nitalala hapo, nisiwabane kitandani.

"Hapana, Mwalimu," Mama Sifa alisema upesi. "Ile iko na mwenyewe. Anakuya." Akaitazama simu yake juu ya cherehani, kama alivyokuwa akiitazama tangu kituoni.

Jumamosi, mchana, katika ukumbi wa kanisa. Watoto walijaa kwenye mabenchi, wazazi kadhaa wakasimama nyuma, na mlango ulikuwa wazi, watu wa mtaani wakiingia na kutoka. Niliwasomea. Niliwaambia jinsi waliotoroka walivyotembea usiku wakiifuata nyota ya kaskazini, mchana wakafichwa ghalani na stooni kwa watu wasiowajua. Niliwaambia kuwa hata aliyefika mji usio na utumwa hakuwa amepona, kwa sababu sheria iliruhusu akamatwe huko huko na kurudishwa kwa bwana wake. Hapo ukumbi ulitulia. Hakuna mtoto wa Berea anayehitaji kuelezwa maana ya kukamatwa na kurudishwa.

Kisha nikafanya kosa langu. Niliona kimya kile nikadhani wamechoka, nikataka kuwaamsha.

"Mbona tunakwenda mbali hadi Amerika?" nikasema kwa sauti yangu ya darasani. "Mama Sifa huyu hapa, naye alitoka mbali. Haya, Mama Sifa, waambie watoto: ulipoondoka Kigoma, ulipita wapi? Ulilala kwa nani?"

Wazazi waliinamisha macho. Mama mmoja akaenda kuufunga mlango. Mama Sifa alisimama, uso umekauka.

"Tulifika," akasema. "Mungu asifiwe."

Sifa akaruka kutoka kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema Kiswahili. "Kila siku tulifika, tulifika! Eish, Mama! Kuna nini hutaki kusema? Ulifanya kitu mbaya huko?"

Mama yake alikusanya vitabu vya nyimbo akaviweka kabatini kimoja kimoja. Jioni ile Sifa alilala akiwa amegeukia ukuta.

Jumatatu, Fordsburg. Mama Sifa alikwenda kununua bitana na zipu kwenye maduka ya jumla, nami nikamfuata nikimbebea mfuko, maana nilijua nimeharibu nisijue nimeharibu nini. Tuliketi kwenye kihoteli kula sambusa. Kelele za mle ndani zilitosha kumfunika.

"Mwalimu, ile swali ya juzi haiulizwake," alisema. "Mudogo wangu iko njiani sasa. Njia ile ile. Nyumba nililala miye, na yeye atalala. Nikiitaja mbele ya batu, mlango wazi, neno litatembea. Akifika pale, nani atamufungulia?"

Alikuwa hajasikia sauti ya mdogo wake kwa wiki kadhaa. Niliirudisha sambusa kwenye sahani. Nilimkumbuka yule baba wa karanga, nikakumbuka na mtu wangu wa sura ya tatu. Yeye alinyamaza kwa sababu hiyo hiyo: nyuma yake walikuwapo wengine waliokuwa bado hawajapita, na njia ikisimuliwa mabwana nao wanaisikia. Hayo ndiyo yaliyokuwa katika zile sentensi mbili nilizozikata.

"Nisamehe, mwanangu," nilimwambia. "Kumbe nilikuwa nafungua mlango wa watu."

"Umesamehewa. Lakini Sifa anawaza mama yake ni mwizi. Kumwambia naogopa. Mdomo wake ni redio."

"Niachie mimi leo."

Berea, jioni ile. Sifa alikuwa akichambua mchele. Niliketi karibu naye nikamsomea sura ya tatu jinsi nilivyoiandika mwanzo, pamoja na shimo lake. Nilipofika kwenye ukimya niliunyamazia nami.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu yuko kaskazini."

"Hayibo! Alipita wapi?"

"Hakusema."

"Kwa nini?"

"Wewe unaonaje?"

Alichambua kidogo, akaacha. Alitazama godoro la ukutani. Alimtazama mama yake, na simu iliyokuwa juu ya cherehani.

"Kuna watu nyuma yake," akasema polepole. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, nyuma yako kuna nani?"

Mama Sifa alisimamisha cherehani. "Mujomba wako."

Msichana yule hakuuliza zaidi. Alinawa mikono, akaichana nailoni ya godoro, akalilaza chini na kulitandikia shuka lake mwenyewe. Mama yake akajifunika uso kwa kitambaa alichokuwa akishona, akalia, nami nikalia naye.

Kurudi. Niliwaacha bila habari yoyote ya mdogo mtu, na godoro limetandikwa. Njia ya kurudi kaskazini haikunipa taabu. Anayetoka hakuna anayemzuia. Pale Beitbridge nilichungulia kila uso kwenye foleni, nikijua fika kwamba mtu ninayemtafuta hapiti foleni.

Kigoma. Majirani walinizunguka: haya, tupe habari. Niliwapa mahindi ya kuchoma na mhubiri wa Harare, na yaliyobaki nikayameza. Msomaji naye aniwie radhi: Sifa si jina lake, cherehani huenda haikuwa dirishani, na jengo lile usilitafute. Kwa mhariri nilirudisha sura na shimo lake, na zile sentensi mbili nikazirudisha mahali pake. Nilimwambia watoto hawakujikwaa hapo, aliyejikwaa ni mimi. Historia nimeifundisha maisha yangu yote nikidhani ni yale yaliyosemwa. Sasa najua kuna watu waliopona kwa sababu mtu fulani alifunga mdomo, na hao nao wana haki ya ukurasa wao.

Mvua zilikuwa zimeanza siku simu yangu ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa sauti, sauti ya msichana, Kiswahili cha kujikongoja lakini Kiswahili.

"Bibi, shikamoo. Ni Sifa. Mjomba amefika. Analala kwa godoro yake. Bibi, usiulize amepita wapi, sawa?"

Nilikaa kitako sakafuni. Maswali yalinijaa mdomoni kama kawaida yangu. Niliyaacha yote, nikamuuliza moja tu: "Amekula?"