Mwizi wa Stendi ya Geita

Kabla ya kwenda na wanangu kwa mara ya kwanza kwa wakwe Geita, niliuliza kila mtu hapa Dar kama mji ule una usalama. Nikaambiwa nishike begi kwa mikono miwili.

Tuliposhuka stendi, mzee mmoja akanipokonya begi bila hata salamu, akatangulia nalo. Nikaita mwizi.

Usalama upo, nakiri. Sijamaliza kuita, bodaboda walishamkwida shati.

Mzee akawaambia taratibu, “Huyu ni mkwe wangu, picha yake ninayo. Kwetu mgeni hasalimiwi akiwa na mzigo.”

Nikapiga magoti vumbini, stendi nzima ikitazama. “Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Inuka twende nyumbani, begi lako analo mwizi.”